Kitabu cha Miguu ya Watu

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye shule moja huko Temeke kuwasomea watoto kitabu changu kipya cha picha. Nilipomaliza niliwagawia karatasi na rangi, nikawaambia wachore mvua. Wengi walichora mawingu na vistari vya kuteremka. Binti mmoja mdogo alichora sufuria, ndoo, bakuli na kopo, vimetawanyika sakafuni, na kitanda kimesukumwa katikati ya chumba. Tone la maji halikuwemo hata moja.

"Mvua iko wapi?" nikamuuliza.

Akanitazama kama mtu anayemhurumia mgeni. "Si ndiyo hiyo, bibi. Imeingia ndani."

Nilicheka peke yangu njia nzima ya kurudi. Nilipofika nyumbani, ndugu msomaji, kicheko kiliniishia, maana nilikuwa nimemkumbuka mdogo wangu.

Tulikaa Temeke hiyohiyo, lakini enzi za Mwingereza, wakati ukitoka uani kwetu unaingia moja kwa moja kwenye mikorosho na mashamba ya mihogo. Nyumba yetu ilikuwa ya fito na udongo, paa la makuti, na kibaraza mbele. Baba alikwishafariki. Mama alikuwa yaya kwa Wazungu kule Oysterbay, tukimwona Jumapili tu, akija na harufu ya sabuni ambayo si yetu. Aliyetulea ni bibi. Alfajiri nilikuwa nikiamshwa na mlio wa mbuzi yake akikuna nazi, naenda kisimani na debe kichwani, narudi nakuta mihogo inatokota kwenye tui, nakula haraka haraka, nakwenda shule.

Mdogo wangu hakwenda shule. Alipokuwa na miaka miwili alishikwa na homa kali. Homa ikamwacha, miguu haikurudi. Basi kutwa alikaa kibarazani kwenye mkeka, karibu na bibi aliyekuwa akisuka ukili wa mikeka, akitazama njia. Alikuwa na miaka sita, mie tisa.

Jirani yetu alikuwa muuza mkaa. Vipande vilivyodondoka kwenye magunia yake tulivigombania kama peremende, na ukuta wake aliokuwa ameupaka chokaa ulipakana kabisa na kibaraza chetu. Siku moja nimerudi shule nikaukuta umejaa picha za mkaa, toka chini mpaka mkono wa mdogo wangu ulipokoma. Kila mtu aliyemchora alikuwa na miguu mikubwa mno, vidole vimehesabika, kucha, nyufa za kisigino. Halafu mwili unapungua, unapungua, mpaka kichwa kinakuwa kama punje ya mbaazi.

Nilimcheka. "Watu hawako hivyo."

"Njoo ukae hapa," akasema.

Nikakaa kwenye mkeka. Muda mfupi tu akapita mwanamke na kuni, na kwa mara ya kwanza nikamwona mtu kama mdogo wangu alivyomwona kila siku: nyayo zinakuja, kubwa, zinatimua vumbi, na uso uko mbali huko juu, hauna habari nawe. Sikumcheka tena.

Jioni muuza mkaa akarudi na baiskeli yake. "Nani kaniharibia ukuta?" akafoka. Bibi alianza kumwomba radhi, lakini yule bwana alikuwa amekwishachuchumaa. Aliona mguu wa kulia usio na kidole kidogo. Cha kwake kilikatwa na shoka msituni. Akauangalia ule mguu, akaangalia wake. "Huyu ni mie," akasema taratibu. Ukuta hakuufuta. Alikuja kuupaka chokaa ilipokaribia Idi, na kabla ya kuupaka alikuja kutuomba ruhusa kwanza, kana kwamba picha zile ni jamaa zetu.

Wakati huo mama alituletea kitabu cha picha kilichochakaa, kimetupwa na watoto wa Wazungu wake. Mdogo wangu alikipekua mara tatu. "Dada, huyu mtoto mbona kavaa blanketi lenye mikono?" Nami sikujua. Ndani mlikuwa na moshi unaotoka juu ya paa bila nyumba kuungua, na mbwa amelala kitandani. Akakifunga. "Hawa hawapiti hapa kwetu," akasema.

Mwanzo wa mwaka bibi alijifunga kanga yake ya kutokea akaenda kwa mwalimu wetu mkuu, kumwombea mjukuu nafasi. Nilikuwa naye. Mwalimu alikuwa mtu wa bara, mrefu, mnyoofu, asiyecheka. Alisema darasa limejaa, na mtoto asiyeweza kutembea atakuwa mzigo kwa wenziwe. Bibi alipokuwa haondoki, mwalimu akaongeza, kwa kutaka kumwondoa kwa adabu, "Akijua kusoma, mama, mleteni nimwone."

Bibi alirudi nyumbani amekata tamaa. Mie nilirudi na ahadi. Mtoto ukimwambia *mleteni*, ataleta.

Tulianza siku ileile. Bibi alikuwa akihifadhi karatasi za kaki za kufungia sukari. Tukazinyoosha kwa kuzikalia. Rangi tulijitafutia: manjano ya jikoni, bluu ya kufulia, udongo mwekundu, maji ya kisamvu. Yeye alichora, mie niliandika. Lakini hakukubali nimwandikie maneno ya shuleni. Alitaka maneno ya watu wake. "Andika, *Muuza mkaa kapita. Kidole chake kimebaki msituni.*" Nikaandika kwa herufi kubwa, yeye akazifuata kwa kidole, akizinong'ona, akizikosea, akizirudia.

Masika yakaja. Usiku mmoja makuti yalivuja, kurasa nne zikageuka uji. Nililia, nikasema basi, mimi nimechoka. Bibi hakuinua hata macho kwenye kazi yake. "Ukili mmoja si mkeka," akasema, "lakini hakuna mkeka usioanza na ukili." Mdogo wangu alijiburuta mpaka kwenye jivu, akachukua kipande cha mkaa, akaanza upya ukurasa wa kwanza. Ningefanyaje? Nikakaa chini nikamwandikia.

Mvua zilipokatika, bibi alikishona kitabu kwa sindano yake ya ukili. Muuza mkaa akaosha baiskeli, akafunga gunia tupu kwenye kiti cha nyuma ili abiria wetu asiumie, tukaenda shule, yeye akisukuma, mie nikimshika mdogo wangu kiuno, bibi nyuma.

"Shikamoo, mwalimu," tukasema.

"Marahaba. Kuna nini?"

"Ulisema tumlete akijua kusoma," nikasema. Nikamnyooshea kitabu.

Mwalimu alikipokea kitabu, akakifungua katikati, akampa. "Soma hapo."

Katika kurasa zote, aliufungua ule! Palichorwa viatu viwili vyeusi, vikubwa, kimoja kina kamba ya kiatu, cha pili kimefungwa kwa katani. Mdogo wangu akaweka kidole chini ya maneno, akasoma kwa sauti aliyokuwa akisomea nyumbani:

"Mwalimu kapita. Nimemwamkia. Hakuitika."

Bibi alishika mdomo. Muuza mkaa akajifanya anakagua mnyororo wa baiskeli. Mwalimu alitazama picha, kisha akatazama miguuni pake, ambako katani ilikuwa bado ipo.

"Lini?" akauliza.

"Siku ya soko," akajibu mdogo wangu. "Nilikuwa chini. Hukuniona."

"Amekariri," mwalimu akasema, lakini kwa unyonge, akachukua chaki akaandika ubaoni maneno mapya. Mdogo wangu aliyasoma silabi moja moja, jasho likimtoka, akakosea la pili, akalirudia, akalipata. Mwalimu akaiweka chaki chini. Kisha mtu yule mrefu akapiga goti moja kwenye sakafu ya darasa, nyuso zao zikalingana, akasema, "Marahaba, mwanangu. Njoo Jumatatu."

Alikwenda miaka minne kwa baiskeli ya mkaa, na nguo zake za shule hazikuwahi kuwa nyeupe. Shule ya kati ilikuwa ya bweni, mbali, wakamkataa, na safari hiyo hapakuwa na mlango wa kubisha. Alilia siku mbili. Ya tatu akaomba ubao wa kufundishia. Baada ya Uhuru alifundisha watu wazima kusoma palepale kibarazani, wabeba mizigo na mama lishe, mpaka ugonjwa wa kifua ulipomchukua.

Mie nikawa mtu wa vitabu vya watoto. Mhariri mmoja aliwahi kunirudishia michoro, ameandika kwamba vichwa ni vidogo mno. Nilimpelekea tena ileile. Akairudisha, nikaipeleka. Mara ya tatu ikachapwa. Kila ninapotaka kuanza kitabu kipya huwa nakwenda kwanza kukaa sakafuni na watoto, magoti yakilalamika, nawauliza kitu kikoje, nao hunijibu kwa rangi. Sijawahi kutoka mikono mitupu.

Kibaraza chetu hakipo. Mikorosho hakuna. Pale sasa kuna kuta ndefu na mageti ya chuma, na wapitaji hawaamkiwi na mtu. Kitabu chenyewe kililiwa na mchwa sandukuni, bibi akiwa kaburini kwa miaka mingi. Nimejaribu kukichora upya kutoka kichwani, ukurasa kwa ukurasa. Zote nimezipata, isipokuwa wa mwisho. Nakumbuka ulikuwa na bluu nyingi, na kwamba aliuchora peke yake nikiwa kisimani, na kwamba niliporudi aliniambia niandike neno moja tu. Neno lenyewe limenitoka. Nimeiacha karatasi ya ukurasa huo wazi mezani, na brashi kando yake.