Vumbi Juu ya Samaki

Hapa Mlolongo vumbi la machimbo ya mawe halina adabu. Unafuta meza, unaenda kuchukua chai, ukirudi unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Kwa hivyo nilipoona vidoa vyeupe kwenye mapezi ya samaki wangu wawili wa baharini, wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, nilimgeukia mume wangu. Nikamwambia ni yeye na dirisha lake, hafungi hata malori yakipita.

"Mama," akasema, akiendelea kuvua viatu, "vumbi litamshikaje samaki aliye ndani ya maji?"

Mimi sipendi kushindwa kwa hoja.

Lile tangi nililipenda, sitaficha. Kitinda mimba wetu alipoenda shule ya bweni, nyumba ilinyamaza hadi nikawa nabishana na redio. Nikalinunua kwa jirani aliyekuwa akihama. Samaki wa kwanza walikufa wote. Mume wangu ndiye aliyewaopoa, na alipomaliza akanawa mikono akasema, "Ukileta wengine nao wafe, hili tangi linatoka." Hakuwa anatania.

Basi nikawasha tochi ya simu nikapiga magoti. Vidoa vilikuwa kama chembe za chumvi, kila kimoja peke yake. Nikashukuru, maana kuna ugonjwa mwingine unaomfunika samaki kwa unga laini wa rangi ya dhahabu, na huo unaua kabla hujajua ufanye nini. Heri nusu shari. Wangu walikuwa wakijisugua kwenye jiwe na kuhema mbio mbio. Huu wao ni wa kidudu kinachojichimbia kwenye ngozi, kikishiba kinadondoka mchangani, kinazaana, kisha kinarudi na ukoo mzima.

Dawa yake ni ya shaba, na shaba inaua konokono, nao walikuwamo tangini, kwa hivyo wagonjwa lazima wahamishwe. Nikawalaza bafuni kwenye beseni kubwa, na pampu ya hewa na kifaa cha kupasha maji moto. Kila siku nilipima ile dawa, kwa sababu ikipungua haitibu na ikizidi inamaliza mgonjwa. Tangi lenyewe likabaki bila samaki ili vidudu vife njaa, na hiyo ni kazi ya wiki nyingi.

Jirani wa mlango wa pili alinikuta kwenye ngazi na mitungi ya maji ya kununua na pakiti ya chumvi ya bahari, akanihurumia. "Si ungeweka tu ya borehole? Yetu iko na chumvi tayari." Nilicheka hadi nikakaa chini. Maji yetu ya kisima yanakataa hata povu la sabuni, lakini bahari si hiyo.

Mume wangu naye akawa anaogea jikoni kwenye karai, akinung'unika kwamba amefukuzwa na wagonjwa wasiolipa kodi.

Kisha yule mdogo akaacha kula, na asubuhi moja nikamkuta ameelea ubavu. Nililia. Nililia samaki wa urefu wa kidole kama mtu aliyefiwa, halafu hasira ikanipanda. Nikachukua mpira wa maji na ndoo nikaanza kulikausha tangi, afadhali nilitoe mwenyewe kuliko kungoja kuambiwa.

Ndoo ya pili ilikuwa imejaa mume wangu alipoingia. "Nimekupunguzia kazi," nikamwambia, bila kumtazama.

Akaenda bafuni, akakaa huko kitambo, nikasikia anaongea kwa sauti ya chini, ile anayoongea nayo na mtoto kwenye simu. Aliporudi aliinua ndoo, akayarudisha maji ndani ya tangi polepole, asitibue mchanga.

"Unamwaga maji," akasema, "na huyu aliyebaki akipona atarudi wapi?"