Amplifaya Iliyoungua Kabla ya Harusi

Nepi za mwanangu ndizo zilizoshitakiwa. Amplifaya ya gitaa ya mume wangu, mali ya klabu yao ya taarabu lakini iliyokaa kwangu kama mgeni asiyejua kuaga, iliungua siku chache kabla ya harusi ya mdogo wangu. Ilitoa moshi, ikanuka, ikanyamaza. Moshi haujatoka dirishani, kesi imeshahukumiwa: nimeanika nepi mbichi juu yake, maji yameingia.

Sikuanika. Nepi zangu zilikaa kwenye kamba uani, na mvua ikinyesha nilifunga kamba nyingine chumbani. Lakini mamavyaa, mama wa mume wangu, tuliyeishi naye nyumba moja pale Wete, alisema kwa upole kabisa kwamba yeye hamtuhumu mtu, ila wasichana waliosoma skuli Unguja hawajui pa kuweka vitu vya maji. Mume wangu hakutaka kusikia zaidi. Akasema amplifaya isipolia siku ya harusi, yeye hana uso wa kwenda, na mkewe haendi.

Mdogo wangu ni mmoja tu, tumbo moja. Nilimjibu mume wangu maneno ambayo siyaandiki hapa, kwa sababu yule mtoto wa nepi sasa anajua kusoma.

Mume wangu alikwenda mjini Chake kwa fundi wa redio. Fundi akamwambia kilichoungua ni transfoma, lile donge zito la chuma na waya linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa. Akampa jingine alilolitoa kwenye redio mbovu, akamweleza namna ya kulifunga. Mume wangu akapanda gari akirudi huku anatunga wimbo, na aliposhuka Wete alikuwa anaukumbuka wimbo tu.

Akaketi mkekani, akalipindua sanduku, akachukua mkasi wangu wa kushonea. Nyaya zote zinatoka kwenye donge moja, alisema, basi zikatwe pamoja ziishe. Nilimnyang'anya mkasi, nikampa mtoto ampakate.

Mie umeme sikufundishwa. Skuli tulifundishwa keki na kudarizi. Lakini nimesuka mikeka, na aliyesuka mkeka wa rangi anajua kwamba ukipoteza mpango wa rangi unafumua wote. Nikachukua ukindu wa mamavyaa uliotiwa rangi. Nilikata waya mmoja, nikaufunga ukindu, ndipo nikakata mwingine: mwekundu kwa zinazotoka kwenye swichi, kijani kwa zinazowasha valvu, zile chupa za kioo, na zambarau kwa zinazokwenda kwenye valvu kubwa ya pembeni. Transfoma mpya ilikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza kwenye kila mguu. Nikayasoma, nikalinganisha. Chuma cha kulehemu nyaya, alichoazima kwa fundi, nilikitia kwenye jiko la mkaa, kando ya chungu cha mchuzi. Mamavyaa alilalamika muda wote kwamba ukindu wake unavishwa nyaya.

Donge la zamani lilikataa kutoka. Lilikuwa limeshikwa na kitu cheusi kilichosongamana chini yake na pembeni. Nikakichokoa kwa uma. Vikatoka vichwa vya duara vyenye vijiti.

Karafuu.

Pengine pote duniani harufu ingemfichua mtu. Pemba, msimu wa karafuu, nani atanusa? Mto wa kulalia unanuka karafuu, mchuzi unanuka karafuu, mwanangu mwenyewe alinuka karafuu. Na mwaka ule mvua ilitutesa. Ukizianika majamvini wingu linakuja, ukiziingiza jua linatoka. Kumbe kuna mtu aliyegundua kwamba amplifaya ikiwashwa, hata bila gitaa, juu inapata joto zuri. Mimi nikienda hospitali na mtoto, mwanawe yuko kazini, yeye anaiwasha na kumwaga karafuu juu yake, akiziba matundu yote ya kutolea joto. Nyingine zikadondokea ndani.

Nilizitia bakulini nikaliweka mbele yao wote wawili. Mume wangu akalitazama bakuli, akamtazama mama yake.

"Mama, hizi zimefikaje humu?"

Mamavyaa akachukua moja iliyokuwa haijaungua, akaivunja kwa kucha, akasikiliza ikikatika.

"Zilikuwa karibu kukauka," akasema. "Jua lenu hili la umeme si baya. Halina ustahamilivu tu."

"Na nepi?" nikauliza.

"Nepi nani kazitaja tena, mwanangu?"

Nikalifunga donge jipya, nikalehemu nyaya zote kwa kufuata rangi, maana chuma kilikuwa cha moto na mkono wangu ulikuwa na hasira. Tukatia plagi. Mamavyaa akapiga bismillahi, akasogea mlangoni. Valvu zikaanza kuwaka taratibu, nyekundu kama makaa yanayopulizwa. Mume wangu akagusa uzi mmoja wa gitaa, nyumba nzima ikalia, na mtoto naye.

"Basi mke wangu unakwenda," akasema.

Nikamwambia najua.

Siku ya harusi amplifaya ilipopata moto ilianza kunukia karafuu, na wageni wakasifu kwamba hata vyombo vya muziki vimefukizwa kwa ajili ya bibi harusi. Mamavyaa hakuzisikia sifa hizo. Alibaki nyumbani na mtoto. Nilimwachia nepi zilizofuliwa, nikamwonyesha kamba ilipo.