Kanyaga, Achia

Mtaani walikuwa na utani wao, kwamba muuguzi yule mstaafu ana wake wawili: mkubwa anaishi ghorofani, mdogo anaishi chini, gereji, amefunikwa turubai. Huyo mdogo alikuwa gari la spoti la milango miwili, jekundu pale ambapo rangi ilikuwa haijabanduka. Alilinunua likiwa limekufa, akalileta nyumbani likivutwa kwa kamba, watoto wake wakilikimbilia na kulishangilia utadhani linakuja kwa nguvu zake lenyewe. Wakati huo nywele zake zilikuwa nyeusi, na alikuwa na hakika kwamba kabla ya mvua kwisha litakuwa linatembea. Mvua ngapi zimekwisha tangu hapo, tumwachie mwenyewe.

Yeye hakuliita mke. Aliliita Mgonjwa. Kazi ya hospitali humwingia mtu mpaka kwenye ulimi, na kila Jumamosi baada ya chai alivaa ovaroli lake akasema, "Nakwenda kumjulia hali Mgonjwa." Nyumba nzima ikazoea. Mgonjwa ameongezwa damu, yaani oili imebadilishwa. Mgonjwa ana kikohozi, yaani kabureta imeziba. Siku moja injini ilinguruma kidogo, ikatema moshi, ikazima, na mkewe akaegemea dirisha la jikoni akamwambia jirani wa ng'ambo ya ukuta, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Ndugu yangu, Mgonjwa wetu amekata roho."

Jirani yule, mshona nguo, alikuwa mgeni mtaani. Kabla ya adhuhuri sebule ilikuwa imejaa watu wenye nyuso za msiba, na mshona nguo alikuwa amefunga duka kwa heshima ya marehemu. Muuguzi akatokea mlangoni na grisi mpaka kwenye nyusi.

"Pole sana, shemeji," mshona nguo akamwambia, amemshika mkono kwa mikono miwili. "Kazi ya Mungu haina makosa."

"Ni gasketi," akajibu.

Mkewe alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mshona nguo alikaa muda mrefu bila kuwasemesha, na hatuwezi kumlaumu.

Hayo yalikuwa ya zamani. Sasa watoto walikuwa wametawanyika kila mmoja na nyumba yake, na goti la kulia la mama yao lilikuwa limeanza mgomo. Lilianza kwa kunung'unika asubuhi asubuhi, kama magoti mengi, kisha likakataa ngazi. Binti yao mkubwa alipokuja kuwatembelea alimkuta mama yake ameketi katikati ya ngazi, kapu la nguo mapajani, hapandi wala hashuki.

"Nasubiri goti liamue," mama akasema.

Binti hakucheka. Alimpandisha mpaka juu, akashuka gereji, akasimama mlangoni akiupima ukuta kwa macho. Baba yake alikuwa ameinama kwenye boneti.

"Baba, hapa panatosha kitanda na kabati. Bomba la maji liko hapo nyuma. Dirisha tutatoboa upande ule."

"Na Mgonjwa?"

"Baba," binti akasema polepole, "mgonjwa yuko kwenye ngazi."

Muuguzi aliishika spana yake, asijue aiweke wapi. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mtu wa kwanza kuona nani anaumwa. Haya ya kuambiwa na mwanawe yalimchoma.

Wiki ile hakugusa nati hata moja. Alishuka, akavuta turubai, akakaa kwenye stuli akilitazama gari. Alitafuta njia ya tatu, kama tunavyotafuta sote tukiona zile mbili hazitupendezi. Uani pembamba, gari halipiti. Nje barabarani mvua ingelila bati lote likabaki usukani. Na kila alipokaribia kukata shauri, kumbukumbu moja ilimvuta shati.

Muuguzi huyu hakuwa msemaji. Enzi za kazi alirudi kutoka wodini, akanawa, akala. "Kazi imekwendaje?" mkewe alimwuliza. "Salama," alijibu, hata siku ambazo salama hiyo ilikuwa imewafunika watu wawili shuka. Mkewe alimwangalia akitafuna, akanyamaza naye. Ghorofani nyumba yao ilikuwa na ukimya mwingi.

Lakini breki za gari lile zilikuwa na tabia ya kuingia upepo, na kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili. Mmoja analala chini, anafungua na kufunga kinati kidogo kwenye gurudumu. Mwingine anakaa kwenye kiti cha dereva na kukanyaga pedeli anapoambiwa. Kwa hiyo alimwita mkewe.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Achia."

"Nimeachia."

Siku moja, amelala chali juu ya boksi lililokunjuliwa, miguu tu ikionekana nje, alisema "kanyaga", akaitikiwa, kisha badala ya kufungua kinati akaanza kusimulia. Alisimulia habari za mtoto aliyefia mikononi mwake wiki ile, ambaye hadi dakika ya mwisho alikuwa akimwuliza viatu vyake vimewekwa wapi. Alisimulia yote, akilitazama bomba la breki. Kule juu mguu ulikaa pale pale kwenye pedeli. Alipomaliza alisema, "Achia," na sauti ikamjia kupitia bati la sakafu, "Nimeachia."

Tangu siku hiyo breki za Mgonjwa zikawa zinaingia upepo mara nyingi kupita kawaida. Chini ya gari alisimulia kifo cha mdogo wake, akamzika kwa mara ya pili. Chini ya gari alikiri kwamba anaogopa kustaafu. Na mkewe kila alipotoka kwenye kile kiti alilalamika kwamba springi zimemtoboa na nguo yake inanuka mafuta, naye mume akaamini kwamba mama wa watu anavumilia tu.

Mwishowe goti lilishinda. Alilitazama gari, lenye magurudumu manne na halijawahi kwenda popote, akamfikiria mkewe, ambaye kwa mguu mmoja na nusu bado alikuwa akiteremka kumletea chai. Aliona aibu. Akampigia simu fundi rangi mmoja, mtu mzima aliyekuwa akilimezea mate gari hilo tangu zamani, akamwahidisha kwamba hatalikata vipande.

"Linaondoka Jumamosi," alimwambia mkewe mezani.

"Sawa," mkewe akasema, akaendelea kukunja shuka.

Alitegemea walau tabasamu.

Jumamosi fundi rangi alikuja na mwenzake na pikapu. Lilitakiwa gari lisukumwe hadi mlangoni, lifungwe kamba, livutwe mpaka barabarani, na kwa hiyo mtu alihitajika kwenye usukani. Kabla hawajakubaliana ni nani, mkewe alikuwa amekwisha kushuka ngazi kwa ubavu, mkono ukutani, akafungua mlango wa gari na kuketi.

"Mama watoto, hilo goti..."

"Mguu wa kushoto mzima. Sukumeni."

Walisukuma. Lilipofika mlangoni muuguzi akasema, bila kufikiri, "Kanyaga."

"Nimekanyaga."

Gari lilisimama papo hapo. "Breki hizi nzima kabisa," fundi rangi akasema kwa mshangao, akainama kufunga kamba. Pikapu ikawashwa.

"Achia," muuguzi akasema.

Kamba ilikazika, gari halikusogea.

"Achia, mama watoto."

Alizunguka mpaka dirishani. Mkewe alikuwa ameushika usukani kwa mikono miwili, macho mbele.

"Mbona huachii?"

"Nikiachia," mkewe akasema, "utaongea na mimi wapi?"

Fundi rangi akakumbuka kuikagua kamba ambayo haikuhitaji kukaguliwa. Muuguzi alisimama pale. Miaka yote alidhani mwenzake anamvumilia yeye na chuma chake, kumbe naye alikuwa akiingojea Jumamosi.

"Nitaongea," akasema.

"Juu huwa huongei."

"Hutakaa juu tena."

Mkewe alimtazama kama mtu anayepokea dawa asiyoiamini sana. Kisha akasema, "Nimeachia," na magurudumu yakazunguka.

Walipoondoka, gereji ilionekana kubwa ajabu. Mkewe aliketi kwenye stuli. Muuguzi alifagia mahali palipokuwa pasafi, akafagia tena, halafu akaishiwa kazi. Boksi lake la zamani lilikuwa bado sakafuni, katikati ya doa la oili. Alilitazama, akamtazama mkewe, akalala chali juu ya boksi, macho darini.

Mkewe akaukandamiza mguu wake wa kushoto kwenye saruji.

"Nimekanyaga," akasema.



"Nimeuguza watu wengi," muuguzi akaliambia dari. "Wewe naogopa kukuuguza."

Mguu wa mkewe ukakaa pale pale.