Barua za Waamerika Ndani ya Kasha Langu

Kasha lile nililitengeneza mwenyewe, mbao ngumu, bila msumari hata mmoja. Uvira nzima hakukuwa na seremala mwingine wa kufunga kona namna ile, na miye darasa la pili sikulimaliza. Aliyeliagiza ni mmisionari Mwamerika. Ndani aliweka barua za babu wa babu yake, mjumbe wa baraza la mji wao, za enzi walipomkataa mfalme wa Waingereza. Alinieleza moja tu: wazee walikutana, wakaandika kwamba hawatatii tena sheria ambazo hawakuulizwa. Waasi waliokuwa wakipigana na serikali walipokaribia, mmisionari alikimbilia Burundi, akaniachia kasha nilitunze.

Kosa langu lilikuwa kujigamba. Mtaani kwetu Mulongwe watu wote nilikuwa nimewaambia Kiingereza nakisoma kama maji.

Waasi waliingia kwangu mchana, wakafungua kasha.

"Hizi makaratasi ni za Amerika," mkubwa wao akasema. "Ndege zinazotupiga zinatoka kwao. Jirani yako anasema weye unajua kusoma. Soma basi."

Wawili walisimama mlangoni. Nikisema sijui, ninaficha siri za adui. Nikisema najua, mimi ni mtu wa Waamerika. Wiki ile walikuwa wamemuua mtu kwa sababu ya kalamu mfukoni, alama ya msomi.

Nikashika karatasi ya juu. "Sisi wazee wa mji huu, mfalme hatumtaki tena..." Nikayatoa yote niliyoambiwa. Yalipoisha nikaendelea kutunga kwa kichwa changu, macho palepale kwenye mstari wa kwanza.

Karani wao, aliyewahi kuwa mwalimu, alikuwa nyuma ya bega langu. Pumzi yake ikasimama. Nikajua ameona kwamba sisomi. Lakini kunisahihisha kungeonyesha kwamba yeye pia anaijua lugha ya adui.

"Geuza, fundi," akasema polepole. "Upande huo umekwisha."

Mkubwa akacheka. "Kumbe na wao walifanya mapinduzi! Iko barua ngapi mu kasha?"

"Nyingi," karani akajibu.

"Basi fundi hatoki hapa mpaka zimalizike."

Mlinzi akawekwa nje ya mlango wangu, na milango niliyoitengeneza mwenyewe haivunjiki kwa bega. Kesho yake mchana wakanikalisha tena. Karani akanipa karatasi ya pili bila kunitazama. Nikafungua kinywa, sijui huyo mzee wa Amerika atasema nini.