Diski Alizobeba Mama Pacha

Jumanne, tarehe kumi na nne Machi. Mvua ilianza kabla ya mapambazuko, nyembamba, isiyo na haraka, na baadaye asubuhi ikaja na radi. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena. Wodini taa zilipepesa tu, jenereta ikashika kazi na watu wakaendelea na shughuli zao. Lakini mwisho wa korido ya chini, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mashuka kabla hospitali yetu haijaingia kwenye mambo ya kompyuta, seva, ile kompyuta kuu inayotunza taarifa za wagonjwa, ilizima na haikuwaka tena.

Mkuu wa kitengo cha kompyuta tulimwita Swichi. Jina hilo mwanzoni lilikuwa la kumsifu. Aliingia kazini kama mvuta waya, na ndiye aliyetambaa juu ya dari zote za jengo hili akipitisha kebo, akishuka ana utando wa buibui kwenye nyusi. Ukimuuliza waya wa chumba fulani umepita wapi, alikuonyesha kwa kidole bila hata kufikiri. Akasoma masomo ya jioni, akapata cheti, akapata kingine, na mkuu wa zamani alipostaafu akapewa kiti. Baada ya hapo watu wake wakawa na maelezo mengine ya jina lile. Walisema akiingia chumbani, maongezi yanazima.

Hakuwa mtu mbaya. Hakutukana mtu, hakuchelewesha ruhusa ya mtu mwenye msiba, na kikombe chake cha chai alikiosha mwenyewe. Ila mashine alizielewa kuliko watu. Mashine ikiharibika inaandika kosa lake kwenye skrini, unasoma, unatengeneza. Watu walimchosha kwa sababu walikuja na nusu ya habari. Siku moja fundi wake, ambaye wenzake walimwita Mtaalamu kwa kuwa hakosi neno gumu la kusema, alisimama kwenye kikao cha Jumatatu akaeleza kwamba mtandao wa maabara unasuasua na hajui kwa nini. Swichi akamjibu mbele ya wote, kwa sauti ileile ya chini aliyotumia siku zote.

"Ukija kwangu na tatizo, njoo na jibu lake. Kama huna jibu, kaa nalo mpaka ulipate."

Mtaalamu akakaa nalo. Na wengine wakajifunza kukaa na ya kwao. Vikao vya Jumatatu vikawa vifupi, na Swichi akamwambia mkewe, anayefanya kazi hapahapa kwenye dirisha la dawa, kwamba hatimaye kitengo kimetulia. Mengi ya nyumbani kwao nimeyapata kwa mkewe huyo.

Kitengo kile kilikuwa na desturi moja ambayo wageni waliiona kama kichekesho. Kila jioni taarifa zote za wagonjwa zilinakiliwa kwenye diski, na diski ile haikulala hospitalini. Ilitoka nje ya jengo, ili moto au mafuriko yakija yasikute asili na nakala mahali pamoja. Aliyeibeba mara nyingi alikuwa Mama Pacha, mfanyakazi wa kitengo hicho, kwa sababu nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya barabara tu. Aliifunga ndani ya sweta ya mtoto isigongwe, akaitia kwenye mkoba juu ya nyanya na vitunguu, akaenda kuilaza juu ya kabati ambako pacha wake hawafiki. Asubuhi alirudi nayo, na jioni akachukua nyingine. Walinzi wa getini walimtania.

"Mama Pacha, leo umebeba wagonjwa wangapi humo?"

"Wote, baba. Na wewe umo, na lile jipu lako."

Kwa hiyo Jumanne ile, seva ilipokufa, Swichi hakubabaika. Alimpigia daktari mkuu, akasema mashine imeungua lakini nakala zipo, na seva ya kuazima inaletwa kutoka hospitali jirani. Jumatano mchana kila kitu kitakuwa kimerudi. Daktari mkuu akamshukuru. Manesi wakaambiwa waandike kwenye madaftari kwa siku moja.

Seva ya kuazima ilifika Jumatano asubuhi. Swichi aliifunga mwenyewe, wengine wakiwa wamesimama nyuma yake, akachomeka diski ya juzi yake. Majina ya mafaili yakatokea yote kwa mpangilio: wodi ya wanawake, wodi ya watoto, maabara, kliniki ya sukari, kliniki ya presha. Akafungua la kwanza. Ndani hamkuwa na kitu. Akafungua la pili. Akachomeka diski nyingine, na nyingine, na Mama Pacha akavuka barabara mbio kwenye matope kuleta ile iliyobaki kabatini. Zote zilikuwa na majina, na nyuma ya majina hapakuwa na mtu.

Haikuchukua muda kujua sababu. Mwaka uliopita walihamia kwenye seva mpya, hiyohiyo iliyokuja kuungua. Swichi aliifanya kazi ile ya kuhamisha peke yake, Jumapili, kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine asiiharibu. Alihamisha kila kitu isipokuwa jambo moja: programu ya kunakili hakuiambia kwamba taarifa zimehama. Ikaendelea kwenda kwenye nyumba ya zamani, ikikuta vyumba vitupu, ikinakili vyumba vitupu, na kila jioni ikiweka alama ya kijani kwamba kazi imekamilika.

"Mimi niliona," Mama Pacha akasema.

Swichi akageuza kiti. "Uliona nini?"

"Zamani ilikuwa ikinakili, naenda kunywa chai, narudi, naongea na simu, bado tu. Baada ya kuhama ikawa inamaliza hata sijakaa vizuri."

"Na hukuniambia?"

"Nikuambie nini, bosi? Kwamba mashine ina haraka?" Alisema kwa upole, kama mtu anayetaka kweli kueleweka. "Sikuwa na jibu lake. Na alama ilikuwa ya kijani."

Mtaalamu akakohoa. Ikabainika naye alikuwa ameona. Wa tatu wao, fundi wa simu, alikuwa ameona pia, akadhani seva mpya ina nguvu zaidi. Kila mmoja alikuwa na nusu ya habari, na hakuna aliyeipeleka popote.  Swichi akawaambia waende wakale, na hakuna aliyekwenda.

Kule juu siku ya pili ya madaftari ilikuwa imeanza kuuma. Kwenye kliniki ya presha wazee walipanga foleni ukutani, na nesi akawa anauliza upya mambo ambayo yalikuwa yamekwisha kuulizwa miaka mingi.

"Bibi, unatumia dawa gani?"

"Ile nyeupe."

"Nyeupe ziko nyingi, bibi."

"Ile ndogo. Wewe si ndiye ulinipa? Umenisahau mara hii?"

Mama mmoja mwenye mtoto anayeugua moyo alileta makaratasi yake kwenye mfuko wa plastiki, akawa anamshukuru Mungu kwa ubahili wake wa kutotupa kitu. Wengine hawakuwa na mfuko. Mafaili yetu ya zamani ya masijala tuliyashusha, lakini yalikoma mwaka kompyuta zilipoanza. Aliyeanza kuugua baada ya hapo hakuwa na historia tena ila ile aliyoikumbuka mwenyewe.

Alhamisi Swichi aliitwa kwa daktari mkuu. Ofisa utumishi alikuwepo, na mimi, wa masijala, niliitwa kuandika yatakayosemwa. Daktari mkuu alikuwa hajanyoa. Bodi ilikuwa imempigia mara kadhaa, na bodi ilitaka jina la mhusika kabla ya jioni.

"Ni langu," Swichi akasema. "Nilihamisha mwenyewe, nikasahau mwenyewe. Na sikuwahi kujaribu kurudisha hata diski moja nione kama ina kitu."

Daktari mkuu akasugua macho. "Kaka, nimekusikia. Sasa nisikilize na mimi. Nikikutoa wewe, kesho nani ananiwashia hii hospitali? Nani anajua waya umepita wapi? Yule Mtaalamu wako?"

"Atajifunza."

"Lini? Na kampuni za nje zinapiga hodi kila wiki. Bodi ikisikia mkuu wa kitengo hayupo, inawapa wao kazi, na watu wako wote wanakwenda nyumbani. Wote. Unataka hivyo?"

 Ofisa utumishi, ambaye alikuwa mtu wa kanuni na si wa chuki, akafungua kabrasha lake akasoma kwamba anayechukua nakala ndiye anayethibitisha kuwa imekamilika, na kwamba anayezichukua nakala anajulikana.

"Huyo alibeba alichopewa," Swichi akasema.

"Lakini aliona, akanyamaza. Umesema mwenyewe hapa sasa hivi kwamba aliona."

Ni kweli alikuwa amelisema. Alilisema alipokuwa akieleza jinsi yeye alivyoendesha kitengo vibaya, ili lawama ije kwake, na neno likapita pembeni yake likaenda kumwangukia mwingine. Alifungua mdomo alirekebishe. Akaanza kueleza habari ya kikao cha Jumatatu, ya tatizo na jibu lake, lakini kwa namna alivyolieleza, jambo lilionekana dogo, kitu cha watu wa ofisi moja. Daktari mkuu akamgusa bega. "Nenda ukaniinulie mfumo," akasema. "Haya mengine tuachie sisi."

Mchana Mama Pacha alipewa barua ya kuachishwa kazi. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaanza kukusanya vitu vyake: kikombe, kandambili, picha ya wale pacha wakiwa hawana meno ya mbele.

"Niliwaambia ni mimi," Swichi akasema mlangoni.

"Najua, bosi. Mtaalamu alisikia akiwa mlangoni, ametuambia." Aliinua diski moja, akaifungua kutoka kwenye sweta, akaiweka mezani. Sweta akaitia mkobani. "Hii naondoka nayo. Mtoto anaivaa shule, na baridi hii."

"Mama Pacha."

"Nimekuwa nikilala na wagonjwa wote wa hospitali juu ya kabati, na kumbe chumba kilikuwa kitupu." Akacheka kidogo. "Hata baba watoto alikuwa ananiambia, mke wangu, usibishane na mimi karibu na hiyo diski, utawaamsha."

Swichi alitaka kucheka naye, uso ukakataa. Alimbebea boksi mpaka getini. Walinzi wale waliokuwa wakimtania waliinua fimbo ya geti, wakatazama pembeni.

Jioni ile mkewe alimkuta amekaa kwenye ngazi za nyuma za nyumba yao na viatu bado mguuni.

"Ungeacha kazi," mkewe akamwambia.

"Ningeacha, wangemfukuza vilevile. Halafu wangewafukuza na wale wengine."

"Basi umebaki kwa ajili ya wale wengine."

"Nimebaki kwa sababu wameniambia nibaki."

Mkewe akakaa karibu naye. Akamwambia kwamba dirishani kwake leo mzee mmoja alishindwa kutaja dawa yake, akaondoka bila kitu, akisema atarudi akikumbuka. Alisema hivyo akidhani anamwondolea mawazo kwa habari za kazini. Swichi akauliza mzee huyo anaishi wapi. Mkewe hakujua. Anwani yake ilikuwa kwenye kompyuta.

Kesho yake, Ijumaa, mvua ilikuwa imekata na korido ilinuka matope yanayokauka. Swichi alifika kabla ya wengine. Mtu akiondoka, mkuu wa kitengo ndiye anayemfuta kwenye mfumo, kwa hiyo alikaa kwenye seva ya kuazima, ambako alikuwa amemwandikisha Mama Pacha juzi yake tu, akamfuta. Mtaalamu na fundi wa simu walipoingia, aliwaomba wakae. Akawauliza kama kuna chochote wanachokiona hakiendi sawa, chochote, hata kidogo, hata kama hawana jibu lake.

Mtaalamu alitazama viatu vyake. Fundi wa simu akamtazama Mtaalamu.

"Kila kitu kiko shwari, bosi," fundi wa simu akasema.

 Swichi akasema, "Haya," akahamia kwenye kiti cha Mama Pacha, akachomeka diski aone kama ina kitu.