Morisi ya Mutahi na Ndama

Mutahi wa Wamagana alinunua gari kuukuu aina ya Morisi kwa mwalimu mmoja, na majirani wakamcheka. Yeye hakujali. Kila asubuhi, akishamaliza kukamua ng'ombe, alikwangua kutu kwa msasa, mwishowe akaipaka kwa brashi rangi ya kijani iliyobaki walipopaka milango ya kanisa. Rangi ilikauka, ikafifia kama jani la jana.

"Baba Wachuka, ati hii ndiyo itatupeleka harusini leo?" mkewe Watiri akauliza.

Mutahi alipandwa na hasira. Akachukua kopo la mafuta ya kupaka chuchu za ng'ombe, akaisugua gari yote. Ikameremeta! Akaingia nyumbani kuvaa koti, akipiga mluzi.

Alipotoka, ndama walikuwa wametoroka zizini. Walikuwa wamenusa harufu ya mama zao, na sasa waliramba milango ya kushoto kwa bidii. Watiri alicheka hadi akakaa chini.

Mutahi aliinua fimbo awafukuze, kisha akatazama vizuri. Palipopita ndimi paling'aa kama kioo.

Akatupa fimbo, akawasha gari, akaigeuza.

"Haya," akawaambia ndama, "malizeni na upande huu."