Sindano ya Baba Joan

Ng'ombe wa Wamaitha akiugua, hakuna anayefunga kula wala kukesha akiomba. Anapigiwa simu Kibii, daktari wa ng'ombe, naye anafika na pickup yake yenye matope hadi kwenye kioo, anadunga, anaacha dawa ya kudungwa kesho, anakwenda zake. Kesho yake Wamaitha mwenyewe hushika sindano, na mumewe, Gathogo, hushika kichwa cha ng'ombe na kumnong'oneza maneno matamu ambayo mkewe hajawahi kuambiwa. Ndivyo walivyofuga pale Njoro tangu wakiwa vijana.

Kwa binadamu mambo yalikuwa mengine. Wakorino, waumini wa vilemba vyeupe, wake kwa waume, wengi wao siku hizi huenda hospitali kama watu wote, lakini kanisa la kina Wamaitha, lile dogo la mabati lililopakana na mashamba ya ngano, halikuruhusu hata tembe ya maumivu ya kichwa. Mgonjwa aliombewa. Akipona, Mungu ametenda. Asipopona, Mungu ametenda vilevile.

Wamaitha aliolewa katika imani hiyo na hakuwahi kuipiga vita. Alizalia nyumbani, akamzika mtoto mmoja, akafunga kilemba chake cheupe kila asubuhi, na kila Jumapili akapiga ngoma mbele ya kanisa. Nyumbani hakuwa na sauti. Akishika ngoma, hata wazee waliokuwa wakisinzia walisimama. Ungemwuliza maisha yalimpa nini, angemtaja Joan, binti yake anayefanya kazi kwenye mashamba ya maua kule Karagita, kisha angeitaja ngoma, na siku nyingine angeanza na ngoma.

Halafu gambuti, kile kiatu cha mpira cha kuingilia zizini, ikamchubua Gathogo mguu, na kidonda kikakataa kupona. Wazee wa kanisa walikuja wakiongozwa na Hiram, wakafunga, wakaomba, wakaimba. Na nani alikuwa akichemsha maji, akifua vitambaa vyenye usaha, akiwapikia wakati wa kufungua? Wamaitha alichoka mpaka akawa anasinzia huku anakamua. Gathogo naye akamshika mkono, akamtaka aape kwamba hata akipoteza fahamu hatampeleka hospitali. Akaapa. Mtu aliyechoka huapa haraka, alale.

Siku Kibii alipokuja kumtibu ng'ombe aliyevimba kiwele, alisimama uani akanusa.

"Mama Joan, hiyo si harufu ya ng'ombe."

Wamaitha alimpeleka ndani. Gathogo alikuwa amelala kimya, amefumba macho, haitiki akiitwa.

"Huyu mzee lazima ako na sukari," Kibii alisema, "na hii mguu imeoza. Ng'ombe yako ikikuwa hivi, ungeniita lini?"

"Kitambo."

"Basi."

Wamaitha alitoka akatandika blanketi. Wakambeba, wakamlaza nyuma ya pickup, naye akampakata kichwa njia nzima mpaka Nakuru, akilia kwa sauti na kumwambia Kibii akanyage mafuta. Alikuwa akililia kiapo chake. Hospitalini muuguzi alipokivua kilemba cha mgonjwa, Wamaitha aliona kana kwamba yeye ndiye aliyevuliwa nguo. Akaomba bandeji, akamfunga mumewe kichwa kizima, na muuguzi akamwacha. Mguu ukakatwa chini ya goti. Gathogo akapona.

Kanisani Hiram alimwuliza mbele ya watu kama alikubali kutibiwa.

"Sikuwa na fahamu," Gathogo alijibu. "Mimi sijui lolote."

Basi kosa lote likamwangukia mke. Alinyang'anywa ngoma, akawekwa kwenye benchi la mlangoni wanakokaa waliokosa, mpaka atubu. Na kutubu ni kusema hutarudia. Asirudie vipi, na sukari inataka sindano kila asubuhi?

Maana huko nyumbani mambo yalikuwa hivi. Asubuhi Gathogo hufumba macho na kuanza kuomba. Katikati ya maombi mkewe huja, humwinulia shati, humdunga. Hakuiomba hiyo dawa, hakuishika, hakuitaja. Akimaliza husema amina, hufumbua macho, huitisha chai. Ukimwuliza, hajawahi kutumia dawa maishani mwake.

Jumapili moja Wamaitha aliketi kando ya jiko na hakuinuka. Hakuwa mgonjwa. Mwili tu ulikataa. Gathogo alifumba macho, akaomba. Akawaombea wagonjwa, akaiombea mvua, akaiombea serikali, akamwombea hata ng'ombe. Mwisho akafumbua jicho moja.

"Mama Joan. Bado?"

"Bado nini?"

"Si unajua."

"Mimi sijui lolote."

Gathogo alifumbua na jicho la pili. "Ile kitu ya asubuhi."

"Sema jina yake, Baba Joan. Nimechoka kuibeba peke yangu."

Gathogo alifuta jasho usoni, na asubuhi yenyewe ilikuwa ya baridi ya Njoro.

"Sindano," alisema. "Niletee sindano."

Akamletea. Safari hii mzee hakufumba macho, aliitazama ikiingia. Kisha akasema, kama mtu anayesimulia habari za hali ya hewa:

"Siku ile kwa pickup ya Kibii, nilikuwa nasikia."

Wamaitha alichomoa sindano.

"Nilisikia ukilia. Nilisikia ukimwambia aharakishe. Nikanyamaza, juu ningeongea ungegeuza gari."

Hasira zilimpanda Wamaitha mpaka masikio yakaziba. Jumapili zote zile mlangoni, watu wakimpita kama ndoo.

"Na Hiram alipokuuliza?"

"Niliogopa."

"Na mimi sikuogopa?"

Hakungoja jibu. Alifunga kilemba, akaenda kanisani peke yake, akamwacha atafute magongo yake mwenyewe.

Aliketi kwenye benchi lake. Ngoma ilikuwa ikipigwa na mtu mwingine, vibaya. Wimbo ulikuwa karibu kuisha magongo yaliposikika nje. Gathogo alisimama mlangoni, akainama kwa taabu, akavua kiatu chake kimoja, kisha akaketi kwenye benchi la waliokosa, upande wa wanaume.

Hiram alimwendea. "Mzee, kiti yako iko mbele."

"Hapa ndio pangu," Gathogo alisema, na kwa kuwa wimbo ulikuwa umekwisha, kila mtu alimsikia. "Nimedungwa leo asubuhi, nikiwa macho, na ni mimi nimeitisha. Hata ile siku ya kwanza nilikuwa nasikia, nikajifanya sisikii. Huyu mama mmemwonea, na mimi nikawaacha."

Wazee walitazamana, Hiram akakohoa. Wamaitha alikuwa amedhani siku hiyo ikifika atashangilia, au atalia, au atamtazama kila mmoja wao usoni. Aliegemeza kichwa kwenye mabati, na kabla wazee hawajapata la kusema alikuwa amelala.